Wapenzi wa Harunobu: sura moja, rangi ndo zinaongea

Hebu tafuta picha moja ya Suzuki Harunobu, mchoraji wa Kijapani wa chapa za mbao, yaani picha zinazochapwa kwa vibao vya kuchonga, ile watu wanaiita Kunguru na Yangeyange, British Museum wanayo, Metropolitan kule New York nao wanayo, ukigugo tu inakuja. Ni watu wawili wanatembea kwenye theluji chini ya mwavuli mmoja. Mwanaume kavaa nyeusi kuanzia kichwani, mwanamke nyeupe kuanzia kichwani, wote wamejitanda ushungi mpaka unaona uso tu, chini wana mitalawanda mirefu ya kutembelea kwenye theluji. Basi. Hawakumbatiani, hakuna busu, hakuna anayelia, na bado ukiiangalia dakika mbili unajua kabisa hawa ni wapenzi na unajua hali yao sio nzuri sana.

Mimi swali langu siku zote lilikuwa anafanyaje huyu jamaa, maana ukisogeza picha karibu uziangalie zile sura utakuta ni sura moja! Kweli, mdomo ule ule kama tone, macho yale yale ya mstari mwembamba, pua ile ile. Na sio kwenye picha hii tu, karibu wapenzi wake wote wako hivyo, miili myembamba, viganja vidogo kama vya mwanasesere, mwanaume na mwanamke ungedhani ni pacha. Kujua nani ni nani inabidi uangalie nywele, au upanga kiunoni, au mshipi umefungwaje. Hisia usoni hamna kabisa. Kwahiyo mapenzi yako wapi? Jibu langu ni kwamba yako kwenye rangi, na ndo maana wapenzi hawa wasingewezekana hata miaka kumi nyuma yake, kwa sababu rangi zenyewe hazikuwepo.

Watu wengi wakisikia chapa za Kijapani wanawaza lile wimbi la Hokusai, lakini lile ni la mwanzoni mwa miaka ya 1830, Harunobu alikuwa ameshazikwa miaka 60 nyuma. Huku tunaongelea Edo, yaani Tokyo ya zamani, katikati ya miaka ya 1700. Kabla ya hapo chapa za mbao zilikuwa nyeusi tupu, au nyeusi alafu mtu anakaa na brashi anapaka rangi kwa mkono moja moja, kisha kuanzia miaka ya 1740 wakaweza kuchapa rangi mbili tatu kwa vibao, mara nyingi waridi na kijani. Wapenzi walikuwepo tayari, hata mwavuli ulikuwepo, Okumura Masanobu na Ishikawa Toyonobu walishachora watu wawili chini ya mwavuli mmoja na wateja walipenda. Ila zile picha nyuma ya watu ni karatasi tupu. Wako wawili wanaelea hewani, hujui ni usiku au mchana, baridi au joto, na kwakuwa sura nazo hazisemi kitu basi unabaki na pozi na nguo.

Sasa rangi zilivyokuja ni stori ambayo naipenda kuliko hata picha zenyewe, maana zililetwa na kalenda.

Japani wakati huo walikuwa wanafuata mwezi, kuna miezi mirefu ya siku 30 na mifupi ya siku 29, na mpangilio unabadilika kila mwaka, mwaka huu mwezi wa pili mrefu, mwakani mfupi. Na madeni yanalipwa mwisho wa mwezi, kwahiyo mfanyabiashara asipojua mwezi unaisha lini kaumia. Serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi, ikawapa wachapishaji wachache tu kibali cha kutoa kalenda, wengine marufuku. Watu wenye hela na muda wao, makabaila na wafanyabiashara waliokuwa kwenye vikundi vya mashairi, wakaanza kutengenezeana vikalenda vya picha vya kupeana zawadi mwaka mpya, ambapo namba za miezi zimefichwa ndani ya picha, kwenye mapambo ya kimono, kwenye mshipi, popote. Ukipewa unakaa unaitafuta. Kwakuwa haiuzwi na ni ya marafiki, hakuna mtu anabana bajeti, na mwaka 1765 mashindano yakapamba moto, kila kikundi kinataka kalenda yake ifunike za wenzao. Aliyekuwa mbele ni kabaila mmoja jina la ushairi Kyosen, jina lake hasa Okubo Tadanobu, huyu na wenzake wakamtumia Harunobu achore, wakaweka wachongaji bora, karatasi nene nzuri, na vibao vya rangi vingi kadri picha inavyotaka. Cha kuchekesha picha kadhaa za mwanzo zimesainiwa Kyosen kama ndiye mwenye wazo, mchoraji hayumo, saa nyingine mchongaji na mpiga chapa ndo wametajwa. Bosi kwanza, kama kawaida ya dunia.

Mfano ni ile ya mvua ya jioni. Mwanamke anakimbilia nguo zilizoanikwa, upepo umeshaanza, mtalawanda mmoja unamtoka mguuni, na kwenye ile kimono inayopepea kambani mapambo yake ukiyasoma vizuri ni namba za miezi mirefu ya mwaka Meiwa 2, ndo hiyo 1765. Ukiambiwa huwezi kuacha kuziona tena.

Wachapishaji wa mjini nao hawajalala. Mwaka ukishapita kalenda haina kazi, wakanunua vile vibao, wakachonga na kuondoa namba na majina ya mabosi, wakachapa upya na kuuza kwa watu wa kawaida. Kwahiyo kuna picha ambazo zipo za aina mbili, yenye kalenda na isiyo na kalenda. Soko likazipokea kwa pupa, ndani ya muda mfupi kila mtu Edo anataka za rangi nyingi, nishiki-e walizibatiza, yaani picha kama kitambaa cha hariri ya rangi rangi, na zile za waridi na kijani zikaanza kuonekana za kishamba. Harunobu akapewa kazi mfululizo mpaka kifo chake 1770. Miaka mitano tu hivi, na katika miaka hiyo katoa mamia ya picha.

Hapa naomba niingie kidogo kwenye ufundi, kwasababu mimi naprint tisheti kwa skrini na nikiona rangi nane zimekaa sehemu moja bila kupishana lazima nivue kofia. Kila rangi ina kibao chake cha mti wa mcheri. Mchoraji anachora kwenye karatasi nyepesi, ile karatasi inabandikwa kifudifudi juu ya ubao kwa gundi na mchongaji anachonga akipita juu ya mistari yenyewe, maana yake mchoro wa asili unakufa pale pale. Hicho ni kibao cha mistari myeusi. Wanachapa nakala kadhaa, mchoraji anaonyesha hapa rangi fulani hapa fulani, kila moja inachongewa kibao chake. Siri iko pembeni: kila kibao kina alama mbili zimechongwa, moja kona ya chini kulia umbo kama kona ya fremu, nyingine mstari mfupi ulionyooka upande wa kushoto, zinaitwa kento. Mpiga chapa anakalisha kona ya karatasi pale, ukingo pale, alafu anailaza, anasugua mgongo wa karatasi kwa kidude cha duara kilichofungwa ganda la mwanzi. Hakuna mashine. Karatasi yenyewe imeloweshwa ili inywe rangi, na karatasi yenye unyevu inatanuka, ikikauka inasinyaa, sasa we jiulize rangi ya saba inaangukaje kwenye mstari wake ule ule. Jibu ni karatasi ngumu ya maganda ya mti wa kozo, jamii ya mforsadi, inayovumilia kusuguliwa mara kumi bila kuchanika, na wapiga chapa waliojua unyevu kwa kugusa tu. Mimi na skrini zangu za bawaba rangi tatu tu naanza kuomba dua.

Tukirudi kwa wapenzi. Kuna picha mwanaume na mwanamke wamekaa wanapiga shamisen moja, ile ala ya nyuzi tatu, mmoja anabonyeza nyuzi mwingine anapiga. Mtu wa kawaida anaona wapenzi wanacheza. Aliyesoma anajua huu ni utani juu ya picha maarufu ya kale ya mfalme Xuanzong wa China na kipenzi chake Yang Guifei wakipuliza filimbi moja wawili, miaka elfu moja nyuma huko, na wale nao waliishia pabaya, jeshi likamlazimisha mfalme amuue. Harunobu kawashusha kutoka ikulu kawaweka kwenye chumba cha kawaida cha Edo, filimbi ikawa shamisen ya mtaani. Alifanya hivi sana, na wateja wake wa vikundi vya mashairi walikuwa wanalipia hasa raha hiyo ya kugundua. Kwahiyo mapenzi yanafichwa kama zile namba za miezi zilivyofichwa, unapewa picha tamu juu, chini yake kuna jambo zito ambalo usipolijua hupotezi kitu na ukilijua unanyamaza kidogo.

Na ndo hivyo hivyo kwa wale wa kwenye theluji. Wakati ule ndoa ilikuwa mambo ya familia, hasa kwa samurai na wafanyabiashara wenye mali, mapenzi yalitafutwa pembeni, na pembeni mara nyingi ni kwa wanawake wa Yoshiwara, eneo la madanguro yenye kibali, lililozungushiwa mtaro na geti moja. Wengi wa wanawake wale walikuwa wameuzwa na wazazi wao wenye shida, wanatumikia deni miaka na miaka. Mwanaume akimpenda mmoja na hana hela ya kumkomboa, njia zinaisha. Wapo waliochagua kufa pamoja. Chikamatsu Monzaemon mwaka 1703 aliwaandikia watu wa Osaka mchezo wa vikaragosi kuhusu karani wa duka la mchuzi wa soya na mwanamke wa danguro waliojiua msituni Sonezaki, tukio la kweli lililotokea mwezi mmoja tu kabla, na sehemu iliyowatoa watu machozi kuliko zote ni safari yao ya mwisho kwa miguu, wawili, usiku. Michezo ya namna hiyo ikapendwa mpaka serikali ikaogopa, mwaka 1723 ikapiga marufuku, na wapenzi waliojaribu kufa wakapona walianikwa hadharani siku tatu pale darajani Nihonbashi kisha wakashushwa daraja kuwa watu wa chini kabisa wa jamii. Mtu wa Edo mwaka 1767 au 1768 akiona wawili wanatembea kimya, mmoja kavaa nyeusi, mmoja nyeupe, hahitaji maelezo ya ziada. Na Harunobu hasemi kama wanaenda kufa. Inawezekana wanaenda kunywa chai tu.

Sasa nisikilize nikwambie kwanini nasema rangi ndo inafanya kazi. Ile nyeupe ya mwanamke ni karatasi yenyewe, hakuna wino pale. Mapambo ya nguo yake na baadhi ya theluji yamechapwa kwa kibao kisichopakwa rangi yoyote, karatasi inakandamizwa inabaki na mabonde, ukiwa na nakala mkononi ukaiinamisha kwenye mwanga ndo unayaona. Kwenye simu huyaoni, hilo ni tatizo la simu. Yaani nguo ya mwanamke na theluji ni kitu kile kile, naye kama anataka kuyeyukia humo, wakati mwanaume ni doa jeusi zito ambalo haliwezi kujificha popote. Wanasimama karibu karibu mpaka nyeusi inaegemea nyeupe. Hilo egemeo ndo mapenzi. Sura ingefanya nini zaidi? Angewachorea machozi ingekuwa bango la sinema.

Na kwa picha zake za usiku anga lote kalijaza jeusi zito, kitu ambacho huko nyuma hakikuwepo, mtu anatoka gizani na taa mkononi na maua ya mti yamebaki meupe juu yake, na wewe unajua ni saa ngapi na kwanini wanaongea kwa kunong'ona. Ukiwa na usuli wenye rangi unapata saa na majira, na wapenzi wa siri bila saa na majira ni nguo tu zilizosimama. Picha zake za chumbani, maana na zenyewe alichora na ziliuzwa chini ya meza kwakuwa zilikuwa haramu tangu 1722, mimi hazinishiki sana, pale kila kitu kiko wazi na yeye kipaji chake kiko kwenye kufunika.

Kuna jambo moja linaniumiza. Rangi hizi ninazozisifia nyingi zimeshakufa. Bluu yake ilitoka kwenye ua dogo la tsuyukusa, na hiyo bluu haivumilii jua wala maji, inageuka kijivu au rangi ya mchanga. Waridi na nyekundu zilitoka kwenye maua ya benibana, nazo zinapauka. Zambarau walichanganya hizo mbili, kwahiyo zambarau za Harunobu saa hizi nyingi ni kahawia. Rangi ya chungwa ya madini ya risasi yenyewe haipauki, inaweza kugeuka nyeusi. Ile bluu kali ya kutoka Ulaya anayoringia nayo Hokusai ilikuwa haijafika kwa hawa. Hivyo ule utulivu, ile rangi kama ya chai ya maziwa ambayo watu wanaisifia eti ndo ladha ya Kijapani, sehemu kubwa ni matokeo ya jua la ukutani kwa mtu. Mteja wa 1766 alinunua kitu chenye kelele zaidi ya hicho.

Tunajuaje? Kwakuwa zipo nakala zilizokaa gizani. Museum of Fine Arts ya Boston ina mkusanyiko wa ndugu wawili wa familia ya Spaulding, chapa kama 6,500, ambazo nyingi walinunuliwa na Frank Lloyd Wright, ndio, yule msanifu majengo, walimpa hela akaenda Japani 1913 akarudi na mzigo. Mwaka 1921 wakaipa makumbusho yote kwa sharti moja, zisionyeshwe hadharani kamwe. Kamwe! Miaka zaidi ya 100 ziko kwenye droo, na rangi zake zimebaki kuliko sehemu nyingi duniani. Picha zake zimewekwa mtandaoni kwahiyo unaweza kuzilinganisha na nakala nyingine, ukaona mbingu ambayo kwingine ni rangi ya mchanga hapa bado ina ubluu. Kuna wanaosema ni uchoyo kuficha sanaa namna hiyo. Mimi naona walifanya la maana, waliobaki wote walishatundika.

Alipokufa 1770 pengo likagombaniwa siku hiyo hiyo. Isoda Koryusai, aliyekuwa samurai akaacha, alichukua wapenzi wale wale akawanenepesha kidogo, akawapaka chungwa kwa wingi, na akawa bingwa wa zile chapa ndefu nyembamba za kutundika kwenye nguzo ya nyumba, urefu kama sentimita 70 upana hata 13 haufiki, humo wapenzi wanabanwa mpaka mmoja unamwona nusu. Baadhi ni kali sana, narudia kuziangalia.

Mwingine ni Shiba Kokan, kijana wa miaka ishirini na kitu, huyu hakujisumbua na kurithi mtindo, alichora tu na kusaini Harunobu. Uzeeni akaandika mwenyewe kwamba alifanya hivyo na hakuna mtu aliyeshtuka. Baadaye alitumia jina la Harushige, kisha akahamia mambo ya Kizungu, mwaka 1783 akatoa chapa ya kwanza Japani ya bamba la shaba lililochongwa kwa tindikali. Na kumbe mapenzi yake na Uzungu yanaonekana mapema, kwenye vyumba vyake mistari ya sakafu na kuta inakimbilia mbali kwenda kukutana nukta moja, kitu ambacho Harunobu hakuwa na habari nacho, chumba chake yeye kimelala tu bapa kama mkeka. Kwahiyo ukikuta wapenzi wamekaa, sahihi inasema Harunobu, alafu veranda nyuma yao inapungua kuelekea mbali kama barabara, angalia ile sahihi mara mbili.